Mbuzi Mlinzi

Mteja alikuwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa aliposimama. Msusi alidhani anajinyoosha, maana kile kiti kilikuwa maarufu kwa kuumiza migongo ya watu, akabaki ameshika kitana akingoja. Mteja hakujinyoosha. Alichukua kitambaa chake mezani, akakifunga juu ya kichwa kile, nusu mistari na nusu msitu, akasema hawezi kusukwa na mikono iliyofunga soko.

"Kaa basi nimalizie," Msusi alimwambia. "Sitaki hata malipo."

"Mume wangu ana mbuzi zizini hawauziki, kazi yao kula tu. Halafu wewe unaniambia habari za nywele?"

Akatoka hivyo hivyo. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi walitazamana, wakakumbuka kwa pamoja kwamba wana shughuli nyumbani. Wa mwisho alifika mlangoni, akarudi kuchukua pakiti yake ya nywele bandia aliyokuwa ameiacha kwenye droo, akaikagua kama imepungua. Hilo ndilo lililomuuma Msusi zaidi ya yote.

Soko la mifugo lilikuwa limefungwa, na machinjio pamoja nalo. Mpaka nao ulikuwa umefungwa kwa kila chenye kwato, na malori yaliyojaa mbuzi yalikuwa yamelala barabarani huku na kule, mbuzi wakifia ndani yake kwa kiu. Mtaa mzima ulihesabu kwamba aliyefunga hakuwa serikali wala homa. Alikuwa Msusi na mumewe.

Shughuli yenyewe ilikuwa imeanza kwa heri. Nchi hii na jirani zake mbili zilikubaliana kuiwinda kwa pamoja homa moja inayotoka kwa mifugo na kuwaingia watu. Homa ile haikuwa na habari na mipaka, basi na wanaoiwinda wakaamua wasiwe na habari na mipaka hiyo. Daktari wa mifugo na daktari wa watu wakapakiwa gari moja, wa huku na wa kule, na damu ikipimwa huku, kule wanasoma majibu siku hiyo hiyo. Ili homa ikija ijulikane mapema, walitawanya mbuzi walinzi katika miji ya mpakani na kuwakabidhi kwa familia za kuwatunza. Mbuzi mlinzi huvikwa hereni sikioni. Hachanjwi, hauzwi, hachinjwi. Kazi yake ni kukaa palepale aumwe na mbu kama mbuzi wenzake, na kila mwezi atolewe damu. Damu ikionyesha alama za homa, basi homa imefika mtaa huo. Ni kazi ya ajabu, kulipwa ili uugue, na hata posho yenyewe hawapati wao, hupewa familia.

Mtaa ulicheka sana mbuzi wale walipoletwa kwa Msusi. Watu walisema mumewe sasa anafuga watumishi wa umma, wakauliza kama mbuzi wana likizo na kama wakistaafu watapewa mafao. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa sababu alitengeneza simu katika kibanda kando ya barabara, alicheka nao. Posho ya mradi ilisomesha watoto, na mwenye kusomesha watoto huweza kuchekwa bila kuumia.

Damu ya mbuzi mmoja ilipoonyesha alama, kicheko kikaota mbawa.

*

Msusi alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alikuwa mchinjaji. Watu walimpa jina la Mheshimiwa kwa sababu kila akitoka machinjio alioga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akapita mtaani mikono nyuma akiitikia salamu kama mbunge. Alikaa chumba cha uani kwa dada yake, watoto wakamwita Mjomba, na nyama ya nyumba ile ilitoka kwake. Alikuwa amechumbia, na wakwe walikuwa wakisubiri siku itajwe.

Asubuhi moja alikwenda machinjio kuchukua vifaa vyake. Alirudi miguu mitupu. Wenzake walikuwa wamemzuia getini, wakamwambia dada yake amewamwagia unga wote kwa hiyo asijitie hamnazo, wakazitupa buti zake kwenye mtaro wa maji machafu wakamtazama akiingia kuzitafuta. Alipata moja. Shati jeupe lilikuwa limelowa tope mpaka kifuani.

Msusi alitaka kumvua lile shati alifue. Mheshimiwa akamwondoa mikono.

"Unajua wananiitaje sasa?" alimuuliza. "Shemeji wa mbuzi. Mpaka watoto wadogo, dada. Wananiamkia, 'Shikamoo, shemeji wa mbuzi.'"

Wakati mwingine Msusi angecheka. Alikwenda jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

Maana kulikuwa na jambo ambalo si mtaa wala Mheshimiwa aliyelijua. Miezi michache nyuma, mbuzi mlinzi mmoja, mweupe wa madoa meusi, alikata kamba, akala mbolea kwenye gunia la jirani, akavimba, akafa. Mkataba ulisema mbuzi akifa wapige simu. Fundi aliishika simu, akaiweka chini. Aliogopa kwamba wakisikia uzembe ule wataondoa mbuzi wote na posho itaishia hapo. Akaenda sokoni akanunua mbuzi mwingine wa madoa yale yale, akaichomoa hereni ya marehemu kwa koleo zake ndogo za kufungulia simu, bila kuivunja, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, akamvika yule mgeni. Msusi ndiye aliyemshika mbuzi kichwa. Alipinga kidogo, kisha akashika, na hata alimsifu mumewe kwa jinsi hereni ilivyokaa.

Mbuzi aliyekutwa na alama ndiye huyo. Wengine wote walikuwa safi.

*

Mwenyekiti wa soko alikuja mchana, Mheshimiwa akiwa amekwenda kubeba matofali kwenye jengo moja ambako hawakumjua. Alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo. Hakukaribishwa kiti, akakaa. Alitazama ukuta, pazia, picha ya harusi, utadhani mtu amekuja kukadiria bei ya nyumba, kisha akasema dalali wake mmoja amekumbuka kitu.

Fundi aliuliza ni kitu gani.

"Amekumbuka kwamba Fundi wa simu alinunua mbuzi wa madoa," Mwenyekiti aliendelea. "Alizunguka soko zima akichagua madoa. Watu huchagua unono, yeye anachagua madoa. Dalali akacheka, akasahau. Juzi akakumbuka. Kumbe mlinzi wenu feki."

Fundi alianza kueleza habari za mbolea. Mwenyekiti alimnyamazisha kwa kidole. Alisema hakuja kushitaki. Kinyume chake, amefurahi. Mlinzi feki maana yake homa haikuingia mtaani, na wakubwa wa nchi tatu wamefunga soko kwa ajili ya mbuzi wa kuazima. Ila kuna tatizo dogo. Msusi na mumewe wakisema wamemnunua sokoni, basi soko ndilo linaloumwa, na litabaki limefungwa mpaka yeye azeeke. Kwa hiyo watasema wamemnunua mbali, kwenye shamba ambako mifugo huchanjwa. Mbuzi aliyechanjwa damu yake huonyesha alama zile zile.

Hilo lilikuwa kweli. Daktari mwenyewe alikuwa amemweleza Msusi siku ya kwanza, alipokuwa akiwakataza wasichanje.

"Huo ni uongo," Msusi alisema.

"Ni nusu. Nusu nyingine ni kweli tupu, tena ndiyo inayokuvua nguo. Nani atadhani mtu anajiaibisha hadharani ili apate nafasi ya kudanganya?"

"Na kama mbuzi alikuwa mgonjwa kweli?"

"Umemwona mtu yeyote anaumwa?" Mwenyekiti alifungua mikono. "Nionyeshe mmoja. Na ni wewe utakayesema, mama, si huyu. Huyu jasho linamtoka hata sasa. Wewe wanakuamini. Ukishasema, yule mdogo wako anarudi kazini siku hiyo hiyo, na atakayemgusa atanijibu mimi. Usiposema, mtaani humu hakuna atakayewauzia hata kiberiti."

Alipoondoka, Fundi alisema mambo mengi. Alisema wakikaa kimya atafungwa, wakisema yote atafungwa pia, na njia pekee yenye mlango ni hii ya nusu. Msusi alimwambia anyamaze. Alikuwa na hasira naye mpaka hakutaka hata kuisikia sauti yake, na alikuwa na hasira zaidi kwa sababu hakuona kosa katika hesabu ile.

Jioni Mheshimiwa alirudi, mabega yamechubuka kwa matofali. Alikula kidogo, kisha akasema anafunga virago. Wakwe wametuma ujumbe kwamba binti yao hataolewa kwenye nyumba iliyouza mtaa. Atakwenda mbali ambako hajulikani, atafute kibarua chochote. Alisema bila kumtazama dada yake. Hakumlaumu, na Msusi angependelea alaumiwe.

Msusi alikata shauri hapo hapo, kijana akiwa bado ananawa mikono.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa nyuma ya jengo la mifugo, chumba kimoja chenye jokofu linalonguruma na meza mbili zilizogusana. Meza moja ilikuwa ya Daktari wa Mifugo, mwanamke wa makamo aliyezoeana na Msusi mpaka wakaulizana habari za watoto. Nyingine ilikuwa ya daktari wa watu kutoka nchi jirani, ambaye mtaani walimwita Mgeni ingawa alikuwa ameshakaa miaka.

Msusi alisimama akasema. Mbuzi alikufa, tukanunua mwingine, tukahamisha hereni. Aliona uso wa Daktari ukibadilika taratibu, ule urafiki ukiondoka.

"Unajua ni watu wangapi wamesoma majibu yale?" Daktari alimuuliza. "Nimesimama mbele ya wenzangu wa nchi tatu nikasema mbuzi huyu amekaa hapa tangu mwanzo. Nikaapa. Nikasema familia hii naijua." Alimwonyesha mlango. "Toka. Hapana, ngoja. Usitoke. Kaa pale."

Hakuna aliyekaa. Mgeni ndiye aliyeuliza, kwa utulivu, mbuzi wa pili alitoka wapi.

"Shambani. Mbali. Wanachanja."

"Shamba gani?"

"Mume wangu ndiye aliyekwenda. Alisema wanachanja."

Mgeni aliweka kalamu chini. "Mama, mimi ni daktari wa watu. Habari za mbuzi nazichukua kwa mwenzangu huyu. Nikikuuliza alikotoka, nauliza kwa ajili ya wale wanaowachinja, wanaoshika damu. Mbuzi akiwa mgonjwa, wao ndio wa kwanza. Una uhakika?"

Akilini Msusi aliiona ile buti moja ya mdogo wake ikikauka juani. Aliona mabega yake. Swali liliulizwa kwa ajili ya wachinjaji, naye alijibu kwa ajili ya mchinjaji mmoja, akiamini hana mwingine wa kumfikiria.

"Nina uhakika," alisema.

Walirudia kupima mbuzi walinzi waliobaki, wakawa safi. Sokoni hapakuwa na cha kupima. Tangu lifungwe, wenye mifugo walikuwa wametawanyika nayo. Yule mwenye hereni ya wizi aliuawa, akachomwa. Mbuzi wengine walipandishwa kwenye gari, mkataba ukachanwa mbele ya Fundi, akaambiwa ashukuru Mungu kwamba hawampeleki polisi kwa sasa. Majirani walitoka kutazama. Siku chache baadaye tangazo likavuka mpaka: ilikuwa kasoro ya mbuzi mmoja, biashara iendelee.

*

Ghafla watu wakawa wema. Benchi la Msusi lilijaa tena, na wanawake walicheka habari za hereni mpaka wakashika mbavu, kana kwamba hawajawahi kumfanyia lolote. Aliwasuka. Alikaza mistari kuliko kawaida, na mmoja alipolalamika kwamba anaumia alimwambia uzuri una gharama.

Mheshimiwa alirudi machinjio. Mwenyekiti alitimiza ahadi, akampa na buti mpya. Soko lilikuwa limebanwa kwa muda mrefu, kwa hiyo mbuzi waliingia kwa fujo, wengine dhaifu, wengine wakiharibu mimba palepale zizini, na kila mtu alisema ni njaa ya karantini. Walichinja kutwa. Wakwe walitaja siku. Shati jeupe likarudi mtaani, mikono nyuma.

Kisha homa ikamshika. Alitetemeka, mifupa ikamuuma, mwanga ukamchoma macho. Walipima malaria, haikuwepo, wakampa dawa za malaria hivyo hivyo. Wenzake wawili walilala pia, mmoja akatokwa damu kwenye fizi, na nyumbani kwake wakasema ni jino. Mheshimiwa alipona. Msusi alikuwa hajala vizuri tangu siku ya kwanza ya homa ile. Alipomwona amekaa kibarazani akiomba maji ya kuoga, alijifungia chooni akalia kwa shukrani, akajiambia basi, imepita, ilikuwa mafua tu. Yule wa fizi alizikwa juma hilo. Hakwenda mazishini.

Siku kadhaa baadaye Mheshimiwa aliingia saluni wakati hakuna mteja. Alimwomba asimame mlangoni, penye mwanga.

"Nimesimama."

"Najua umesimama. Naona miguu. Naona mkono wako na kitana." Alitikisa kichwa kama mtu mwenye maji sikioni. "Uso huna, dada. Kila mtu, tangu jana. Nikimtazama, katikati panakuwa na doa, uso haupo."

*

Getini pa hospitali palikuwa na watu wa soko. Damu ya wachinjaji ilikuwa imeonyesha homa ile ile, mpaka ukafungwa tena asubuhi ile, na safari hii waliokuwa wakimwita msaliti kwa kufunga soko walimwita muuaji kwa kulifungua. Mjane wa yule wa fizi alimtemea mate. Yalishuka kwenye bega la gauni, na Msusi hakuyapangusa mpaka alipoingia ndani.

Mwenyekiti alimfuata mpaka kwenye ngazi. Sauti yake ndogo ilikuwa ndogo zaidi.

"Tulisema shamba la mbali," alisema. "Tushikilie hapo hapo."

"Ulisema wewe. Mimi nilirudia."

"Mumeo atafungwa."

"Afungwe."

Wodini Mgeni alikuwa amemaliza kummulika Mheshimiwa macho. Alieleza kwamba homa ile, kwa wengine, ikishapita kwenye mwili huacha jeraha nyuma ya jicho, katikati, mahali pa kusomea na pa kutambua sura. Inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Alikuwa amechoka, na nyuma yake Daktari wa Mifugo alisimama ameegemea ukuta, hakumsalimu Msusi.

"Mbuzi waliouzwa tangu soko lifunguliwe wamesambaa kwetu kule," Mgeni alisema. "Wenzangu wanaingia nyumba kwa nyumba na hawajui waanzie wapi. Nakuuliza tena. Yule mbuzi wa madoa alitoka wapi?"

Mheshimiwa alikuwa ameketi kitandani, shati jeupe limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka. Alikuwa akisikiliza. Msusi alijua akijibu kwa kunong'ona itakuwa uongo mwingine, kwa hiyo alijibu kwa sauti yake ya kawaida, wagonjwa wa vitanda vya jirani wasikie.

"Sokoni. Hapa hapa mjini. Dalali yupo, atawaambia alimtoa zizi gani."

Daktari wa Mifugo alitoka mbio kupiga simu. Mgeni alimfuata.

Wakabaki wawili.

"Ulijua?" Mheshimiwa aliuliza. "Siku ile nilipotaka kuondoka. Ulijua wakati ule?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nirudi pale."

"Nilitaka usiondoke," alisema. "Nilitaka ubaki nyumbani, basi."

Kijana aligeuza uso, akautazamisha dirishani. Msusi alikuwa tayari kwa matusi, hata kwa kofi. Hakuwa tayari kugeuziwa uso na mtoto aliyembeba mgongoni. Akanyoosha mkono amguse bega, ndipo akaona macho yake. Hayakuwa dirishani. Yalikuwa yamevutwa mpaka kwenye kona, yakimwelekea yeye, maana pembeni ndiko kulikobaki na kuona. Hakuwa amemgeuka. Alikuwa anamtafuta uso.

Alimtazama hivyo kwa muda, shingo imepinda, bila kupepesa. Msusi alisimama wima akaacha atazamwe.

"Nimekuona," alisema hatimaye. "Sasa nenda, dada. Na usirudi kesho."